Kura Niliyoambiwa Nimeitupa

Jumatatu ya tarehe 4 Machi 2013 nilipanga foleni Hadado, Wajir, kabla jua halijachomoza. Mbele yangu alisimama mjomba wangu, na nyuma yangu vijana waliokuwa wameshuka usiku ule kutoka kwenye lori la mifugo, mchanga bado ukiwa kwenye nyusi zao. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza chini ya katiba mpya, na kila mtu alipewa karatasi sita za rangi sita. Tulipotoka nje, vidole vikiwa na wino, mjomba akaniuliza urais nimempa nani. Sikumficha. Nilikuwa nimempigia Mohammed Abduba Dida.

"Abti, umeitupa kura," akaniambia.

Kwetu neno hilo huenda na kurudi: mpwa humwita mjomba abti, na mjomba humwita mpwa vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuwa akinifokea. Alisema kwa upole wa mtu aliyemwona mtoto akimwaga maziwa ya ngamia mchangani wakati wa kiangazi. Yeye alikuwa amempigia mmoja wa wale wawili wakubwa. Hakumpenda. Alinieleza sababu tukinywa chai, na kwa miaka zaidi ya kumi sasa nimekuwa nikimjibu moyoni.

Kwa mjomba, kura ni kama ngamia wa maziwa anayekopeshwa. Humpi mtu ngamia wako kwa sababu anakupendeza. Unampa anayeweza kukulipa siku yako ya shida. Mgombea atakayeingia Ikulu, au aliyekaribia kuingia, atakuwa na orodha: wapi walinipa, wapi walininyima. Eneo lililompa litauliza barabara, litauliza kisima, litauliza mtoto wao mmoja awe waziri. Dida, mwalimu wa zamani wa Shule ya Lenana aliyetoka huku kwetu kaskazini, asingeingia Ikulu. Ukimkopesha ngamia mtu asiye na boma, siku ya kudai utambishia nani hodi?

Hoja hiyo haikunichekesha wakati ule na hainichekeshi leo. Kwanza, huku kwetu kura ya mtu mmoja mara nyingi si ya mtu mmoja. Wazee wa koo hukaa chini ya mti, wiki hata miezi kabla ya uchaguzi, wakagawana viti: ugavana upande huu, useneta upande ule, ubunge zamu ya wale. Kura ya urais huingizwa kwenye mapatano hayo kama nyongeza ya mahari. Anayekwenda kinyume hatupi kura yake peke yake. Anaonekana ametoboa kiriba cha wote.

Pili, mjomba ana kumbukumbu ambazo mimi sina. Watu wa kaskazini walijaribu kupinga kwa kura kabla Kenya haijawa jamhuri. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuuliza watu wanataka nini, na ikakuta Wasomali walio wengi wanataka kuungana na Somalia. Walipokataliwa, waliususia uchaguzi wa Mei 1963. Mwishoni mwa mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa, vita vya Shifta vikapigwa hadi 1967, na sheria za hatari zikabaki juu ya vichwa vyetu hadi 1991. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, ambao leo uko katika eneobunge letu hili la Wajir Magharibi, na wengi hawakurudi nyumbani. Mtu aliyeishi hayo hujifunza kwamba kuonekana upande wa mwenye nguvu ni kinga. Kumwambia apige kura ya kuonyesha hasira ni kumwambia avue ngao.

Hata hivyo kumbukumbu hiyohiyo ina ukurasa ambao mjomba huuruka, nao ndio unaonipa ujasiri. Mwaka 1992, kura za kwanza za vyama vingi baada ya miaka mingi, Daniel arap Moi alishinda kwa kura 1,962,866, yaani asilimia 36 tu. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana karibu zote zilizobaki. Kila Mkenya hukumbuka funzo hilo: upinzani uligawanyika, mwenye nyumba akabaki. Kinachosahaulika ni kwamba wakati ule sheria ilimtaka mshindi apate pia angalau robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Moi aliipata robo hiyo katika mikoa mitano kamili: Bonde la Ufa, Pwani, Magharibi, Mashariki, na Kaskazini Mashariki. Nairobi, Nyanza na Kati zilimnyima. Kama mkoa wetu, mchache wa watu kuliko yote, ungemnyima robo, angelazimika kurudi debeni dhidi ya Matiba. Mwaka mmoja tu baada ya sheria za hatari kuondolewa, kura za wafugaji wa Wajir, Garissa na Mandera zilishikilia mlango wa Ikulu, na wengi waliozipiga hawakujua.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kila anayemkaripia mpiga kura wa mtu wa tatu hukitaja. Desemba 2007 Tume ya Uchaguzi ilitangaza Kibaki 4,584,721, Raila Odinga 4,352,993, Kalonzo Musyoka 879,903. Matokeo hayo yalipingwa vikali na nchi ikaingia kwenye damu. Lakini tukiyachukua kama yalivyotangazwa, pengo la wawili wa juu lilikuwa kura 231,728, na za Kalonzo zilikuwa karibu mara nne ya pengo hilo. Wiki mbili hazikuisha, Kalonzo akawa Makamu wa Rais wa Kibaki. Waliompigia ili wawakatae wote wawili walijikuta wamempa mmoja wao kiti na mtu wao amekaa pembeni yake.

Marekani walikuwa wameyaona hayo mapema. Mwaka 2000 katika jimbo la Florida, George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, na Ralph Nader, mgombea wa chama cha Kijani, alipata 97,488 katika jimbo hilohilo. Hadi leo wapo wasiomsamehe. Kule hasira ya mpiga kura hupimwa kwa jimbo analoishi: aliye katika jimbo ambalo mshindi wake anajulikana tangu asubuhi anaweza kumpigia mdogo bila kujuta, lakini aliye Florida anapaswa kufikiri mara mbili. Huku kwetu hakuna jimbo salama wala jimbo la hatari. Kura ya Hadado huingia kwenye jumla ileile na kura ya Kasarani kule Nairobi, moja kwa moja. Na kanuni ya 2007 haipo tena.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji apunguze mwendo pamoja nami, kwa sababu nina hakika wengi wetu bado tunapiga kura kwa woga wa 2007 chini ya sheria ya 2010. Katiba, kifungu cha 138, inasema mshindi wa urais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani zisizopungua 24. Akikosa, wawili wa kwanza hurudi debeni ndani ya siku 30.

Tuchukue kituo kimoja cha kura kana kwamba ndicho nchi nzima. Kura halali 100. Wa kwanza amepata 51, wa pili 45, wa tatu 4. Wa kwanza ameshinda.

Sasa fikiria wawili kati ya waliompigia wa pili wakaghairi, wakampa wa tatu. Wa pili ana 43, wa tatu ana 6, na wa kwanza ana 51 vilevile. Hawakumsaidia hata kidogo. Kwa swali la kama wa kwanza atapita leo au la, kura kwa wa pili na kura kwa wa tatu zina uzito uleule. Hili ndilo ninalotamani kila anayesema "ukimpa mdogo umempa adui" alitazame kwa makini, maana chini ya sheria ya zamani ilikuwa kweli, na chini ya hii si kweli.

Fikiria badala yake wawili wa upande wa wa kwanza, waliochoka naye lakini hawawezi kumpigia hasimu wake, wakampa wa tatu. Wa kwanza anashuka hadi 49. Hana nusu. Kuna duru ya pili, na kabla ya siku hiyo itabidi arudi kwa hawa wawili na kuwauliza wanataka nini. Mpiga kura ambaye mjomba anasema hana boma la kudaia, sasa ndiye anayebishiwa hodi.

Fikiria tena wanne ambao wangelala nyumbani kwa hasira, wakaja wakampa wa tatu. Kura halali zinakuwa 104, nusu yake ni 52, na wa kwanza na 51 zake hajafika.

Lakini hao wanne wakija na hasira yao wakaharibu karatasi, wakachora, wakaweka alama kwa wote, kura halali zinabaki 100 na wa kwanza anaapishwa. Jambo hili si la kubuni. Baada ya uchaguzi wa 2013 swali hilohilo lilifika Mahakama ya Juu: je, kura zilizokataliwa zihesabiwe katika kutafuta nusu? Machi 30 mahakama iliamua kwamba zinazohesabiwa ni kura halali pekee. Mwananchi aliyeharibu karatasi yake ili kusema "hapana" amesema hapana hiyo kwa sauti ambayo sheria haiisikii. Aliyempigia mgombea mdogo kuliko wote ameandikwa.

Wakati huo hesabu ilikuwa nyembamba ajabu. Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433, Raila 5,340,546. Watu wengi huona pengo la zaidi ya 800,000 na kudhani mambo yalikuwa mbali. Pengo la kweli halikuwa kati ya wa kwanza na wa pili. Lilikuwa kati ya wa kwanza na nusu. Kwa kura halali, Uhuru aliivuka nusu kwa kura kama 62,900. Kama zilizokataliwa, 108,975, zingehesabiwa, angeivuka kwa kura 8,400 hivi, katika nchi nzima. Dida peke yake alipata 52,848. Musalia Mudavadi alipata 483,981. Wagombea sita wa nyuma kwa jumla walibeba kura 707,074, na hakuna aliyewahesabu kama kitu.

Agosti 2022 ikawa vivyo hivyo. William Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, David Waihiga Mwaure 31,987. Pengo la wawili wa juu, 233,211, linakaribia kabisa lile la 2007, lakini sheria ilikuwa nyingine. Ruto aliivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Wale wawili wadogo walikuwa na 93,956. Kama watu 70,000 waliompigia Ruto shingo upande wangempa mmoja wao, tungerudi vituoni Septemba.

Mjomba alinisikiliza nilipomchorea hesabu hii mchangani kwa kijiti. Kisha akaniuliza swali moja ambalo lilinifunga mdomo siku hiyo. "Na huyo anayerudi Septemba, abti, ni yule unayemtaka?"

Ana haki. Ufaransa ina duru mbili tangu zamani, na mwaka 2002 wapiga kura wa mrengo wa kushoto walijiachia katika duru ya kwanza. Wagombea walikuwa 16. Kila mtu alimpa aliyempenda, wakijua Waziri Mkuu Lionel Jospin atafika duru ya pili tu. Hakufika. Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia alimpita kwa kura zisizofika 200,000, ilhali Christiane Taubira, mgombea mdogo wa kushoto, alikuwa na zaidi ya 660,000. Duru ya pili, watu wa kushoto walilazimika kumpigia Jacques Chirac, mtu waliyempinga maisha yao yote, wakampa asilimia 82. Kwa hiyo siku ya pili si zawadi isiyo na masharti. Pakiwa na watatu wanaokaribiana, kumpigia wa nne ni kucheza na nafasi ya pili. Lakini tangu 2013 Kenya haijawa hivyo: wawili wamekuwa mbali mbele ya wengine wote, na mtu wa tatu hajawahi kufika hata asilimia 4. Katika mbio za namna hiyo, anayempa wa tatu hamfungii wa pili mlango wa duru ya pili. Anachoweza kumnyima ni ushindi wa siku moja, ikiwa huyo wa pili naye anainusa nusu. Hilo ni gharama, nalikubali.

Gharama kubwa zaidi, kwa Hadado, iko kwenye kalenda. Siku hizi uchaguzi huwa Jumanne ya pili ya Agosti. Ni hagaa, mvua za gu zimekwisha na za deyr hazijaja. Majani ya karibu yameliwa, mabwawa yamekuwa tope, na ngamia wamepelekwa mbali. Mfugaji huruhusiwa kupiga kura pale tu alipojiandikisha. Kumrudisha mara moja mwezi Agosti ni kazi ya malori na ya wagombea wa viti vya chini, maana wao ndio hugharamia safari nyingi. Mtu hurudi kwa ajili ya diwani wa ukoo wake, na akiwa hapo humpigia rais. Duru ya pili ya urais haina diwani wala mbunge. Nani atalipa lori la Septemba? Kenya haijawahi kuwa na duru ya pili ya urais, lakini Oktoba 26, 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta matokeo ya Agosti, tulipiga kura ya urais pekee, na waliojitokeza nchini walishuka kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 40. Sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa susio la upinzani. Sehemu nyingine, huku kwetu, ni umbali.

Ninajali hili kwa sababu nyingine pia. Kwa miongo, kijana wa kaskazini alipoomba kitambulisho alipigwa msasa: alete mzazi, alete babu, afike mbele ya kamati athibitishe kwamba ni Mkenya. Wengine walifika miaka 25 bila kadi, na bila kadi huwezi kujiandikisha. Ilikuwa Februari 2025 ndipo Rais Ruto, akiwa Wajir, alipotangaza kuufuta msasa huo. Mtu aliyeisubiri karatasi yake kwa miaka yote hiyo huambiwa vipi kwamba ina matumizi mawili tu, huyu au yule? Na anapokasirika na wote wawili, ni nani aliyempa haki ya kumwambia ameitupa?

Mjomba alisema anayempa mdogo kura hana wa kumdai. Nadhani tangu 2022 kuna jibu hata kwa hilo. Mwaka ule fomu za 34A, zile zinazojazwa na kubandikwa kituoni, ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume kutoka karibu vituo vyote 46,229. Mtu yeyote mwenye simu aliweza kufungua kituo chake na kuona kila mgombea amepata ngapi. Watu wa kampeni huzisoma fomu hizo kama mfugaji asomavyo nyayo. Kituo kilichozoea kutoa kura zote upande mmoja, kisha siku moja kikaonyesha mia mbili kwa mtu wa tatu, kimesema jambo ambalo mtafuta kura wa uchaguzi unaofuata hawezi kupita bila kusimama. Koo zinazokaa chini ya mti zinaweza kulijadili hilo pia. Hakuna amri inayosema mapatano ya wazee lazima yaishie kwa mmoja wa wawili.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Wajir, Garissa na Mandera zilimpa Raila kura nyingi kuliko mpinzani wake mwaka 2022, na Raila alifariki Oktoba 2025. Kwa mara ya kwanza tangu 2002 jina lake halitakuwa kwenye karatasi, na kura nyingi za huku kwetu hazina mwenyewe. Tayari wageni wameanza kuja na magari meupe, wanakunywa chai, wanawauliza wazee habari za mvua.

Mjomba bado hajakubali. Mwezi uliopita, ngamia wake wakiwa upande wa Arbajahan, aliniambia kwa simu kwamba atampigia mtu atakayeshinda, kama alivyofanya siku zote, na kwamba mimi nifanye upuuzi wangu. Nikamwambia sawa, abti. Nikamwomba jambo moja: ikitokea wakose nusu, ashuke tena Hadado Septemba, kiangazi au si kiangazi. Akauliza nani atalipa lori. Nikamwambia nauli iko kwangu, hata kama anakwenda kumpa mtu wake yuleyule.